Vigingi Viwili

Masika matatu yaliyopita nilizika vigingi viwili
nyuma ya choo, hapa Heru Juu, penye mchwa wa kusifika:
kimoja cha paini, kimoja cha saiprasi,
unene mmoja, urefu wa kiganja hadi kiwiko.
Sikumwambia mtu. Wanaume wa huku
ukiwauliza mti upi bora
kila mmoja hutaja alioupanda.

Leo mnunuzi amekuja toka Kasulu, Bwana Ruhwanya,
futi kamba shingoni kama tai.
Amepita kati ya mistari akigonga miti kwa mgongo wa panga,
akihesabu kenchi ambazo bado ni mashina.
"Paini yako imenyooka, mama. Miaka kumi na mitatu tu!
Saiprasi ziache zinenepe."
Zinenepe. Nina miaka sitini na mmoja.
Kati yangu nazo, nani anamngoja nani?

Marehemu alipanda paini juu, kwenye changarawe,
saiprasi bondeni, udongo unakoshika maji.
Akaniachia kazi isiyo na sherehe:
kupogoa tawi likiwa changa, fundo lisiingie ubaoni;
kukata wembamba ili wanene wapate jua
(mwaka wa kwanza nilikata mia mbili na kumi,
nikaona haya kupita njiani);
na Juni, kufyeka barabara ya moto,
maana utomvu wa paini hauulizi
cheche imeruka kutoka shamba la nani.
Saiprasi nazo ziliugua vidukari mwaka ule,
zikakauka upande mmoja, kama mtu aliyepooza.

Bwana Ruhwanya akinywa uji, nimechukua jembe.
Cha paini kimetoka nusu;
kilichobaki chini ni udongo wenye umbo la mti.
Cha saiprasi kimeng'ang'ana. Ukingo mweupe umeliwa,
moyo wa kahawia mzima,
na harufu ile ile ya sanduku la nguo.

Nimeviweka mezani, karibu na kikombe chake.
Amecheka. "Mama, Kasulu hatujengi chini ya ardhi.
Tunaezeka."

Kweli tupu. Nimemuuzia paini, mistari minane:
humo imo ada ya Domitila, na bati za jikoni.
Visiki vyake havichipui, si kama miyombo;
mvua za Novemba zinikute na viriba vya miche.

Saiprasi sijauza.
Kigingi chake nimekirudisha shimoni,
nikashindilia udongo kwa kisigino.
Tuone.