Namba Arobaini na Mbili

Umeme ukiwaka, sina kazi Pasua.
Grenda zinalia mtaa mzima, nani atanisikia
nikitaja kiingilio, nikitaja ada ya mwezi?
Kwa hiyo mimi, katibu wa Chama cha Mafundi Kuchomelea,
nausubiri mgao kama wengine wanavyosubiri mshahara.

Unakatika saa nne na robo.
Ghafla Moshi inapata masikio.
Nasikia kuku. Nasikia mtu anapiga chafya ng'ambo ya mfereji.
Nachukua daftari, na mhuri ndani ya kopo la siagi,
natoka mbio kabla mafundi hawajasinzia.

Mwaka juzi tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.
Leo tuko arobaini na mmoja. Usiniulize vipi.
Wapo walioingia baada ya ajali ya Elinaja,
tulipochanga mpaka akatoka hospitali na vidole saba.
Wengine waliifuata zabuni ya madawati:
halmashauri ilitaka kikundi chenye cheti,
siyo mtu mwenye mashine.
Mmoja, nadhani, aliingia kwa sababu ya soda.

Ndekirwa, yeye, miaka miwili ananijibu neno moja:
"Nitakuja."
Leo namkuta chali juu ya benchi,
vipande vya kiazi kibichi vimefunika macho.
"Apaikunda," anasema. "Nazijua ndala zako."
Simjibu. Kazi hii imenifundisha kutojibu.
"Chama chenu kina miwani?"
"Ipo kumi na miwili. Ya fundi, siyo ya jua."
"Ungeileta mwaka tisini na nane."
Anacheka, na kiazi kimoja kinaanguka vumbini.
Jicho nililoliona sitalieleza.

Halafu anainua mkono, anaelekeza pembeni,
kwa kijana anayesugua bomba kwa msasa,
amevaa miwani ya jua ya kike, ina maua kwenye fremu.
"Mwandike huyo. Ada ninayo.
Mimi niache. Nusu ya mageti ya mji huu
nimeyafunga kwa macho haya, yanatosha."

"Jina?"
"Godlisten Mamkwe,"
na anafuta kiganja kwenye suruali
kana kwamba jina lenyewe ni la kushikwa mkono.
Naandika nne. Naandika mbili.
Umeme unarudi.

Mtaa unashangilia kama tumefunga bao.
Hakuna anayeniaga. Jirani, hatua mbili kutoka benchi,
anagusa chuma kwa chuma,
na cheche moja inaruka, inatua kwenye daftari.
Nailipua kwa kofi, nimechelewa.

Usiku nafungua kurasa mezani.
Tundu dogo, ukingo wake wa kahawia,
pembeni mwa jina la Godlisten.
Limepenya ukurasa wa pili, na wa tatu,
hadi kwenye mistari niliyoichora Jumapili kwa rula,
ambayo bado haina mtu.
Kesho nampelekea miwani.