Kalamu ya Risasi

Kitabu cha kwanza nilikimaliza kwa tochi,
blanketi likiwa hema, theluji ikizika reli za tramu za Łódź.
Msichana wa humo ana miaka kumi na sita kama mimi:
anatafuna magome ya miti,
anatia moto maghala ya dola,
na nywele zake hazitimki.

Bibi Bogumiła akakiazima. "Nione vita vyenu."
Kilirudi na majeraha ya kalamu ya risasi pembezoni:
Siku tisa, na hakuna aliyefua soksi?
Mkate huu waliupangia foleni wapi?
Ukuta hauparamiwi hivi kwa mimba ya miezi saba.

Nikacheka. Mama hakucheka.
Mimba hiyo ilikuwa yeye.

Cha pili alikimeza usiku mmoja,
akanipigia simu alfajiri, ananong'ona kama mtoro:
"Cha tatu kiko wapi? Usiniambie kama yule kinyozi anakufa."

Cha tatu alikaa nacho mpaka theluji ikayeyuka.
Nilikikuta juu ya friji, chini ya bakuli la vitunguu.
Hakuna swali pembezoni. Hakuna hata mkwaruzo.
Ila ukurasa wa mia mbili na kumi na nne,
pale rafiki wa msichana anapokaribishwa ofisini,
anapewa chai, anatamka jina moja tu,
kona imekunjwa,
ikakunjuliwa, ikakunjwa tena,
hata karatasi imelegea kama kitambaa.

Nilitaka kuuliza: Bibi, wewe hapo ni yupi,
mwenye jina, au mwenye chai?

Akanipakulia supu.
Akanisogezea chumvi.