Namba Arobaini na Sita

Baba alikuwa dalali wa ng'ombe, mnada wa Misungwi.
Hakuuliza jina la ng'ombe.
Alitazama kwato, akabonyeza nundu, akapanua mdomo,
akataja bei huku akiangalia pembeni.
Niliapa sitafanana naye.
Leo nimekaa Mirongo, kwenye ngazi za saruji
zilizolishika joto la mchana na kukataa kuliachia,
daftari gotini,
nakagua vifundo vya mikono ya watoto wa watu.

Muuza karanga ameniangalia tangu robo ya kwanza.
"Wewe ni wa mikopo?"
Hapana, mama.
"Mbona unaandika?"
Nikanunua za mia tano ili asiendelee.

Klabu imenituma kutoka Dar na nafasi moja.
Moja: kitanda, ada, nauli ya kwenda.
Ya kurudi hawakuitaja, nami sikuuliza.

Jezi namba tisa, Luhende, kidato cha tatu.
Nimempima kwa macho dhidi ya mlingoti wa kikapu.
Mguu wake kama kasia;
mguu hutangulia, mwili huja nyuma yake taratibu,
huyu bado anarefuka.
Haruki sana. Anajua mpira utaangukia wapi,
anafika mapema, anausubiri
kama mtu aliyeahidiwa.
Nikaandika: *mikono inasikia*.
Nikafuta. Dar hawataki ushairi, wanataka sentimita.

Juu ya mlingoti wa taa kongoti wawili wameinamisha vipara
kama wakaguzi wa shule waliokosa chai.
Wadudu wa ziwani wameanza kupanda kutoka majini,
moshi usio na moto;
refa anapuliza filimbi, anatema.

Ndipo kocha akaomba kubadilisha mchezaji,
na mchezo ukasimama.
Ukasimama kweli. Nikadhani kuna aliyeumia,
goti langu la kushoto likaniuma kwa kumbukumbu.
Luhende ameketi chini kwenye mstari,
anafungua kamba za viatu kwa haraka ya mtu aliyezoea,
anavivuta, anavirusha,
na kijana wa akiba, Ng'wandu, jezi namba kumi na nne,
anavidaka hewani, anavivaa vikiwa bado na jasho.
Refa anatazama saa yake, hasemi kitu.
Watazamaji hawakucheka. Walikwishazoea.
Mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Kuanzia hapo sikuhesabu tena vikapu.
Nilihesabu viatu. Vilitoka na kuingia mara saba.
Kwenye benchi, Luhende pekupeku,
nyayo juu ya saruji ya moto, anazibadilisha, huyu juu, huyu chini,
na kila Ng'wandu anapokosa
anapaza sauti: "Kaza kamba! Ya kulia inalegea!"
Ya kulia inalegea.
Miaka kumi na miwili ya kazi hii,
sijawahi kuandika kitu kama hicho, wala sina safu yake.

Walishindwa kwa vikapu viwili.
Nikamwita namba tisa. Nikasema niliyotumwa kusema,
kwa sauti ya mnada; niliisikia mwenyewe.
Alisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja.
"Shikamoo," akasema, kwa kuchelewa,
kisha: "Safari ni lini?"
Jumatatu.
Akapiga hesabu kwa vidole.
"Basi viatu namwachia. Ana mechi Jumamosi ijayo."

Nilimwuliza namba ya mguu, ya kujaza fomu.
Arobaini na sita.
Na mwenzako?
"Arobaini na mbili," akasema. "Huwa anaweka gazeti."

Baba, mnadani, baada ya kuuza,
alikuwa na desturi ya kunawa mikono mpaka viwiko.
Nilidhani ni kwa ajili ya mavi.

Giza lilipoingia nilikuwa bado kwenye ngazi, karanga zimebaki.
Chini ya jina la Luhende, pasipo na mstari,
nimeandika jina la pili
na neno *gazeti*.
Dar watauliza maana yake.