Majina ya Mahindi

Rafu ya nyama baridi, duka la Sargent, Winnipeg.
Nje ni ishirini na nane chini ya sifuri,
miwani imeingia ukungu, naifuta kwa skafu,
nasoma mgongo wa pakiti kama karani wa mahakama:
paja la nguruwe, maji, chumvi, dekstrosi.
Narudisha.
Bata mzinga, maji, wanga uliogeuzwa.
Wanga wa nini? Hawasemi. Narudisha.
Kifua cha kuku, ladha za asili.
Asili ya wapi? Mjomba wake nani?
Narudisha.

Namkunda ana miaka tisa na mahindi hayamtaki.
Daktari alichora duara kwenye karatasi,
akalitamka neno taratibu, kama anayenionea haya,
nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka,
mimi niliyelelewa kwa uji, nikaota meno kwa makande,
niliyeingia nchi hii na kilo nne za unga
nimezifunga ndani ya kanga ya mama.

Bibi yake hupiga simu kutoka Usangi:
"Makande nayo hali?"
Hali, mama.
"Sasa huyo ni mtoto wa nani?"

Ugali wa sembe tuliuacha. Huo ulikuwa msiba wa wazi,
tulijua tunamlilia nani.
Tunasonga wa muhogo, Jumapili wa mtama.
Lakini mahindi ya huku hayakai kwenye sufuria.
Yamebadili jina kama mdeni aliyehama mtaa:
hapa yanaitwa sharubati, pale siki nyeupe,
kule asidi ya ndimu isiyowahi kuiona ndimu;
kwenye soseji ni gundi, kwenye paja ni sukari,
ndani ya glavu za muuzaji ni poda.
Kipande kimoja, chembamba kama jani la daftari,
na shingo ya mwanangu inachora ramani nyekundu,
nami usiku kucha nazihesabu pumzi zake
kama mtu anayehesabu chenji ya mwisho.

Naye anataka nini? Si keki.
Anataka mkate wenye nyama katikati,
uliokatwa pembe kwa pembe,
kama wa Larysa anayekaa naye meza moja.
"Hata usipokuwa na ladha, mama. Ufanane tu."

Jumamosi nikapanda mabasi mawili hadi kwa Reimer,
bucha ya mbao, kengele mlangoni,
mzee mwenye vidole vilivyopaushwa na barafu.
"Naweka vitu vitatu," akaviinua vidole hivyo:
"chumvi, pilipili manga, moshi."
Moyo wangu ukakaa kitako.
Nilishafungua pochi.
Kisha mdomo huu, usiojua kushukuru, ukauliza:
"Chumvi gani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza dini ya mama yake.
Akaenda nyuma, akarudi na boksi,
akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu,
midomo ikitembea bila sauti: chumvi, madini joto,
akakwama.
Akanigeuzia boksi. Kidole chake kilikuwa kimesimama
juu ya neno ninalolijua kuliko jina la mtaa wangu.

"Miaka arobaini na moja," akasema.
Hakuwa akisema nami.

Hakuniuzia kitu. Alichukua penseli ya bucha,
akaandika kwenye karatasi ya kufungia nyama:
Alhamisi. Chumvi ya mawe. Kisu kipya, mikono mitupu.
Akauliza ni ya nani. Nikamtajia herufi kwa herufi,
akaandika Namkkunda, kwa K mbili,
nikaona si vizuri kumsahihisha mara mbili kwa siku moja.

Nilikuwa tayari kituoni, theluji ikinipiga magotini,
basi langu likionekana kule kwenye taa,
ndipo nikaukumbuka moshi.

Kuni za nini?
Na kama anakoka kwa magunzi?

Basi likafungua mlango. Dereva akasubiri.
Nikampungia mkono aende,
nikarudi kwa Reimer.