Chupa ya Zlatina

Umeniandikia nyuma ya bili ya umeme:
"Kiganja kimoja cha matunda ya waridi mwitu.
Usiyaponde kama mtu anayelipiza kisasi."
Unanijua, Zlatina.

Nimeyachuma kando ya reli baada ya jalidi ya kwanza,
miiba imenichora mikono.
Chujio lina kutu. Nimekata pazia la jikoni,
lile la maua. Utakuja kunisema.

Maji yasitokote, ulisema, yaanze tu kunong'ona.
Nikainamia sufuria, nimetega sikio,
mimi niliyezibwa masikio na baruti ya mgodi
miaka thelathini.
Sikusikia kitu. Nikakisia.

Nimefunga chupa ya chai. Pernik imelala,
theluji inayafunika magari bila haraka.
Usiku kucha yanaiva humo gizani peke yao,
nami huku, na kifuniko changu.

Asubuhi nimechuja mara mbili
kuviondoa vile vinyweleo vinavyowasha koo.
Rangi imekuja, nyekundu ya matofali.
Ladha, sijui. Nikaonja, nikatia asali, nikaonja tena:
kikombe kizima kimekwisha.

Muuguzi kasema kwako nusu tu, tena vuguvugu.
Sawa. Naja na vikombe viwili.