Ngege wa Njiru

Wiki nzima mimi ni mtu wa shimo.
Lifti za Upper Hill zikikwama, naitwa,
nashuka na kurunzi mdomoni, grisi hadi kiwikoni,
juu, chini, juu, chini, wala sifiki popote.

Kwa hiyo Jumamosi nataka kitu kilicholala.
Maji.

Hapa Njiru walichonga mawe hadi mawe yakaisha,
mvua ikajaza shimo, shimo likameza watoto wawili,
ndipo Wanjohi akazungusha ua wa mabati,
akamwaga vifaranga wa ngege elfu tatu
na kuandika langoni kwa rangi ya buluu:
KUVUA MIA TATU. MASHUA MIA MBILI.
SAMAKI HAENDI NYUMBANI.

Ogutu aliisoma mistari hiyo mara mbili.
"Nilipe," akasema, "nimvue, halafu nimrudishe?"
Yeye kwao ni Mbita; karo yake ya shule
ilinuka samaki hadi kidato cha nne.
Alicheka mpaka akashikilia mabati.
Kisha akalipa, maana Apiyo, bintiye,
alikuwa amekwisha kuvaa jaketi la kuokolea,
la rangi ya chungwa, linamfika magotini.

Mashua yenyewe ni bata wa plastiki, namba tatu,
shingo imeungwa kwa waya.
Pedali ya kushoto ilikufa zamani,
basi ukikanyaga unazunguka palepale
kama mtu aliyeangusha funguo.
Ndege ya mizigo ikapita ikiteremka Embakasi,
tumbo lake likapita majini, chini ya tumbo letu.
Apiyo akauliza kama rubani anatuona.
Nikamwambia anaona bata.

Tulikaa hivyo. Chambo ni ugali wa jana.
Upande wa pili wanandoa waligombana kwa sauti ndogo,
mwanamume mmoja mnene alilala, fito mkononi,
na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu,
sikuhesabu ghorofa.

Karibu saa sita mshipi ukakaza.
Nilivuta vibaya, kama mtu anayevuta nyaya.
Akatoka mzito, mweusi mgongoni,
akipiga sakafu ya bata kama mlango unaobishwa.
Ogutu akamchukua bila kuniuliza:
gumba ndani ya mdomo, kiganja chini ya tumbo,
namna unavyoshika kitu kilichokulea.
Hapo hakucheka.
"Sogea. Tazama mdomo."

Kovu. Kovu jingine. Jingine, limepinda.
Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umekwisha kabisa,
na juu ya makovu yote tundu langu, jipya,
likitoa uzi mwembamba wa damu.

"Huyu amevuliwa kila wikendi," akasema.
"Kwetu samaki hufa mara moja."

Akampigia Wanjohi kelele ukingoni: mia tano, nimchukue!
Wanjohi akatikisa kichwa. Elfu moja!
"Huyo hauzwi, ndugu. Huyo ndiye mkubwa.
Watu hutoka hadi Rongai kwa sababu yake."

Apiyo ndiye aliyemrudisha. Alimzamisha taratibu,
mikono yote miwili, mikono ya jaketi ikiloa,
akamwambia neno kwa Kijaluo
ambalo babake alikataa kunifasiria.
Ngege hakukimbia. Alisimama kidogo chini ya bata,
akipumua, akingoja kitu,
kisha akaenda pole upande wa ugali.

Jumatatu nikaitwa jengo la bima.
Watu wanne, kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi.
Nikiwa gizani, juu ya paa la lifti,
niliwasikia wakibisha, mmoja akisema ana mkutano,
na nikajikuta napitisha ulimi
ndani ya mdomo wangu, polepole, nikipapasa.

Niliwatoa saa nne na dakika ishirini.
Walikimbilia ngazini wakienda juu.

Ijumaa jioni simu ikatetemeka mfukoni. Ogutu.
Nilidhani ni ule mkopo.
"Kesho saa ngapi?"

Nikafuta grisi kidoleni nikaandika: saa tatu.
Beba ugali.