Mito ya Wadi Jizzi

Muhanna anatangulia, viatu vyake vimekwisha soli,
anafuata alama za rangi juu ya mwamba:
nyeupe, njano, nyekundu,
na palipofutwa na mafuriko
anafuata mavi ya mbuzi.

Mimi nyuma, goti linanisuta.
Miaka arubaini na nne, sijawahi kupanda
zaidi ya ngazi za ofisi kule Sohar.

Korongo linatubana, kisha linatuachia.
Ukutani mwamba umefura, duara juu ya duara,
mweusi wenye kutu ya kijani,
maandazi yaliyosahauliwa karaini.

"Huu ulikuwa moto," anasema, "chini ya bahari.
Ulichomoza, maji yakaugusa, ukajikunja.
Wajuzi wa mawe wanaiita mito."

Nacheka peke yangu.
Kwa Kiarabu chake ni ya kulalia tu.
Ni Kiswahili cha mama, alichokifungasha Pemba
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
kinachonipa yote miwili kwa neno moja:
huu niukanyagao, kokoto tupu, hauna hata tone,
na ule.

Nauegemezea kichwa.
Jiwe lina joto.
La jua, najua, la jua la leo asubuhi.
Lakini Muhanna amenyamaza,
na chini ya changarawe, mbali,
kitu kama maji kinageuza ubavu.

Dakika tano, namwambia.
Anatazama saa, anatazama mawingu ya Buraimi.
Tatu, anasema.